Mpira wa Mkojo Niliouchagua kwa Aibu

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka bado nainamisha kichwa, na ndiyo nitakayokusimulia. Nakuita mwanangu ingawa mimi mwenyewe sijaota mvi hata moja. Katika jambo hili nimekutangulia tu, basi nivumilie.

Nilikuwa fundi wa umeme wa kujifundisha mwenyewe. Nilitazama wenzangu, nikafungua redio mbovu, nikajua. Nilikuwa mtu wa kunyoosha waya hata mahali ambapo hapana atakayeuona. Kisha nikaanguka kutoka darini katika hoteli moja kule Shanzu, mgongo ukaumia. Miguu ilirudi, alhamdulillahi, natembea na bakora. Kibofu hakikurudi. Mkojo ulijaa, wala haukutoka wenyewe.

Kliniki, nesi aliniwekea mezani aina mbili za mpira wa mkojo. Mmoja hukaa ndani wakati wote, umeunganishwa na mfuko unaofungwa mguuni. Wa pili unauingiza mwenyewe kila baada ya saa chache, mkojo ukishatoka unauvuta nje. Akasema huu wa pili ndio bora kwa mtu ambaye mikono yake ni mizima. Lakini kabla ya kunichagulia unene na urefu, akaniuliza: choo chako kiko wapi? Nyumbani unaishi na nani, na je, wanajua?

Alikuwa msichana wa rika la dada yangu. Niliona haya hata kumtazama. Nikamwambia choo ni changu peke yangu, kiko ndani, kina taa na beseni la kunawia. Nikasema wa nyumbani wote wanajua. Aliponitaka nijaribu mbele yake anione, nikamwambia nimeshaelewa. Nimezoea kujifunza mwenyewe. Kisha nikamwomba ule mwembamba kuliko yote. Niliuona kama una aibu ndogo.

Ulikuwa uongo mtupu. Kwetu Bofu tumepanga vyumba viwili katika nyumba ya Kiswahili, mimi na dada yangu Mwanaidi; wazazi wetu wamekwisha kutangulia. Choo kiko uani, ni cha wapangaji wote. Asubuhi watu hungoja na ndoo zao, na ukikawia wanagonga: "We fundi, umehamia humo?"

Basi nikawa najificha chumbani nyuma ya pazia, nimesimama, roho juu. Mpira ule mwembamba ulitoa mkojo polepole mno, nami nikisikia tu viatu vya Mwanaidi nauchomoa kabla kibofu hakijaisha mkojo. Ili nipunguze safari za nyuma ya pazia, nikaacha kunywa maji. Na katika yote hayo nilikuwa nikipiga pasi kitambaa cheupe cha kuwekea vifaa! Nilinawa mikono mpaka ngozi ikachubuka. Kila kilichoonekana kwa macho nilikifanya sawasawa, na kile cha maana nikakiharibu.

Mwanaidi akaposwa. Nikahi ikapangwa msikitini baada ya sala ya alasiri. Kwa kuwa baba hayupo, mimi kaka yake ndiye walii wa kumwoza. Nikawaza nitakavyokaa mbele ya wanaume wa pande zote mbili, hotuba ndefu, kibofu kimejaa. Nikampigia simu ami yetu Swaleh, ndugu yake baba, nikamwambia nampa yeye uwakili wa kumwoza, mimi siku hiyo nina kazi Bamburi isiyokataliwa. Alikata simu.

Haikupita wiki, homa ikaniangusha. Ami akaja.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba. Kazi ya Bamburi ndiyo hii, ya kutetemeka chini ya blanketi?"

Mwanaidi akacheka mlangoni, kisha akaniona uso, akaja kunipangusa jasho.

"Mwanangu, hebu mpikie kakako uji," ami akamwambia.

"Abee, ami."

Tulipobaki wawili, ami aliinua kitambaa changu cheupe, akaona mipira. "Na hivi je?"

Nikamwambia yote, nimegeukia ukuta. Nilidhani atanipa pole. Hakunipa.

"Nesi umemdanganya. Dada'ko umemdanganya. Mimi umenipeleka Bamburi. Wallahi, mkojo huu umekufanya mwongo kuliko ulivyokufanya mgonjwa." Akaketi kitandani. "Mtoto huyu alimzika babaake. Sasa kakake yu hai na yuwajificha. Wataka awe yatima mara ya pili?"

Mwanangu, nimewahi kupigwa na umeme. Haukuniuma hivyo.

Alinirudisha kliniki siku ile ile. Nesi hakunigombeza, alirudia maswali yale yale na safari hii nikajibu kweli, hata habari ya pazia. Akanipa dawa ya maambukizi, akaniamuru ninywe maji. Njia akaiacha ile ile ya kuingiza na kutoa, ila mpira akaubadilisha: mnene kidogo, mrefu, umeunganishwa na mfuko wake, ili nijisaidie nimekaa popote palipo safi bila kukingoja choo cha uani. Kisha akavuta kiti.

"Leo sitoki hapa mpaka nione. Nyaya za umeme hukuziogopa, waogopa mpira?"

Nilikosea, nikarudia. Jioni nikamweleza Mwanaidi. Alilia kwa hasira. "Kwa hiyo ungeacha niozwe na mtu mwingine, na wewe upo, kwa sababu ya mkojo?" Nikamwambia nitamwoza mwenyewe.

Siku ya nikahi hotuba ilirefuka kama nilivyohofia, saa yangu ikafika. Moyo ukaniambia vumilia tu, yatakwisha. Nikamnong'oneza ami. Akainua mkono: "Sheikh, walii ana udhuru. Tumngoje." Msikiti mzima ukanitazama nikiinuka na bakora yangu na mkoba. Katika chumba cha pembeni nilinawa, nikakaa, nikangoja mpaka tone la mwisho. Nikatia udhu, nikarudi. Mzee mmoja wa upande wa bwana harusi akasema, "Tulidhani walii katoroka na mahari!" Watu wakacheka, nami masikio yakiwaka moto. Nikaushika mkono wa bwana harusi, nikasema kwa sauti yangu mwenyewe: nimekuoza dada yangu Mwanaidi.

Sitakudanganya kwamba aibu imekwisha. Hata kuandika haya nimeyafuta na kuyaandika tena. Lakini sikiliza, mwanangu, wewe unayeuchagua kwa mara ya kwanza. Usiuchague mpira kwa kufikiria nani atakuona. Mwambie nesi choo chako kilivyo, kazi yako ilivyo, mikono yako ilivyo, hata kama sauti inakukwama. Jaribu mbele yake ukosee hapo hapo. Usijinyime maji ili kuficha jambo. Kunywa, na kibofu ukimalize, usikiache nusu. Ukiona homa, au mkojo umechafuka, rudi upesi. Na nyumbani mwambie angalau mtu mmoja, kabla uongo haujakuondoa mahali ambapo unangojwa.

Mungu akupe mkono mtulivu na kibofu chepesi, akujaalie watu wa kukungoja unapochelewa kurudi. Amina.