Alama za Vidole vya Mama

Mama alikata mkonge miaka mingi kule Mnyuzi, na kazi hiyo ikamfuta alama za vidole. Hatukulijua hilo mpaka ilipotubidi kusajili laini za simu. Aliweka dole gumba, mashine ikakataa. Akajaribu vidole vyote kumi. Msajili akamfuta mikono kwa kitambaa, akarudia, mwisho akasema, "Mama, mfumo haukutambui."

Laini ikafungwa. Namba hiyo ndiyo kaka yangu aliyoijua, akipiga kila Jumapili kutoka machimboni kwa simu za kuazima. Yangu hakuwa nayo. Tuligombana kwenye mazishi ya baba, na nilipobadilisha namba nilimkataza mama asimpe.

Baadaye likatoka tangazo kwamba wananchi wakatoe maoni juu ya huduma za serikali za mtandaoni. Nilitoka Handeni ninakoishi, nikampeleka mama ofisi ya kata ya kwao. Wengi walilalamikia mtandao kukatika. Mama akasimama, akainua viganja.

"Wanangu, vidole vyangu viliishia kazini. Tafuteni njia nyingine ya kunijua."

Ofisa mmoja wa kike alishuka kutoka meza kuu, akaishika ile mikono, akaitazama. "Wako wengine kama wewe, mama?"

"Wenzangu wote wa shambani."

Aliandika majina yao mmoja mmoja.

Ilipita miezi mingi. Kisha tukaambiwa kuwa asiyesomeka vidole atapigwa picha ya uso na kuulizwa maswali. Mama aliitwa miongoni mwa wa kwanza. Alitaja alikozaliwa, Misima, na jina la mama yake, mashine ikamkubali. Lakini namba yake ya zamani ilikuwa imeshapewa mtu mwingine.

Akaomba simu yangu, akaipiga namba ile. Akapokea mwanamke.

"Samahani mama, namba hii ni yangu sasa. Kuna mwanamume alikuwa akipiga siku za Jumapili, anamtaka mama yake. Nikamwambia amekosea namba. Alipiga kama mara nne, akaacha."

"Alisema nini?"

"Aliuliza kama mwenye simu amefariki. Nikamjibu sijui. Namba zake sikuzitunza."

Mama alinirudishia simu. Hakunilaumu, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Wazee wenzake wamesajiliwa wote. Wakipita kumshukuru huwakaribisha chai, kisha huwauliza kama kuna aliyepata habari za machimboni.