Mkono wa Diwani Wetu

Ninayoyaandika hapa niliyaona kwa macho yangu. Niliyoyasikia tu nimeyaacha, na yalikuwa mengi, kwa sababu katika majuma yale Kisumu nzima ilikuwa ikisimulia habari za umeya. Meya hakuchaguliwa na wananchi siku zile. Sisi tuliwachagua madiwani, nao wakamchagua meya miongoni mwao. Na mwaka ule karibu kila diwani alijiona meya.

Shemeji yangu, mjane wa kaka yangu, alikuwa akikaanga mgongo wazi huko Obunga. Viwanda vya samaki vilichukua minofu ya mbuta na kuipeleka ng'ambo. Kilichobaki ni kichwa na mfupa wenye nyama kidogo, na huo ndio ulioitwa mgongo wazi, kitoweo cha watu wasioweza kununua samaki mzima. Wanawake waliununua viwandani, wakauanika na kuukaanga katika uwanja mmoja uliokuwa mali ya baraza la mji. Kaka yangu alipofariki, wazee wa ukoo walitaka kuwagawa watoto wake kwa jamaa mbalimbali. Shemeji alikataa, akasema atawalisha mwenyewe. Aliwalisha kwa uwanja ule. Hakuwa na kitu kingine.

Wagombea waliotajwa walikuwa wengi mno, lakini wenye nguvu walikuwa wawili. Wa kwanza, mkandarasi wa majengo, alitamka katika mkutano niliohudhuria kwamba uwanja ule ungesafishwa na kujengwa maghala. Sikuhitaji kuelezwa maana ya kusafishwa. Wa pili alikuwa mkunga mstaafu. Huyo alikuja Obunga, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaahidi kwamba akiwa meya hakuna jiko litakaloguswa. Waliosalia hawakuwa na kura zaidi ya zao wenyewe, ila nao walipita mmoja baada ya mwingine wakitupungia mikono, kana kwamba sisi ndio tungewachagua.

Diwani wetu, fundi wa baiskeli wa zamani, alipokuja uwanjani, nami mwalimu mstaafu nikiwapo, alipokelewa na jirani wa shemeji, mwanamke mnene asiyeweza kunyamaza.

"Diwani, keti. Na wewe unautaka umeya? Sema mapema, maana hata jogoo wangu ameanza kuomba tai ya kuvaa."

"Siutaki, mama. Mimi nina mkono mmoja tu wa kunyoosha."

"Utamnyooshea nani?"

"Mkunga."

"Sema tena, Mwalimu asikie. Huyu haamini neno la kupita njiani."

"Mkunga," alirudia, akinitazama.

Shemeji hakucheka. "Baba, usituchezee. Nikiondolewa hapa, watoto watagawanywa. Unajua."

"Najua, mama. Mimi si nimekula kwako?"

Naamini alikuwa mkweli. Nasema hivyo baada ya kupima neno hilo kwa miaka mingi.

Ile ilikuwa miaka ya mlolongo, tulipolazimika kupiga kura kwa kusimama foleni nyuma ya mgombea au picha yake, kila jirani akikuona. Baraza nalo lilikuwa limeamua kwamba meya achaguliwe kwa kunyoosha mikono. Siku ilipofika, wanawake wa uwanjani walizuiwa langoni na askari wa baraza. Mimi niliruhusiwa kuingia, nikaketi kwenye viti vya wageni.

Karani alisoma majina ya waliopendekezwa. La mwisho lilikuwa la diwani mmoja mzee, ambaye sikuwahi kumsikia akichangia hoja yoyote barazani. Nilimwona diwani wetu akiinua kichwa ghafla. Mzee yule alikuwa mjomba wa mkewe. Alikuwa miongoni mwa waliopokea ng'ombe wa mahari aliyotoa diwani. Na kwetu mtu hampingi mkwe wake mbele ya watu. Njiani humpisha, na akiwa na neno dhidi yake, humtuma mwingine. Ingekuwa kura ya karatasi, diwani wetu angeandika jina la mkunga na mkwe asingejua. Kwa mikono, mkwe alikuwa ameketi mbele yake, amegeuza kiti kumwelekea.

Lilipotajwa jina la mkunga, diwani wetu aliibana mikono yake katikati ya magoti. Lilipotajwa jina la mzee, mikono miwili tu ilinyooshwa: wa mzee mwenyewe na wa diwani wetu, nao haukupita bega. Aliyempendekeza mzee hakumpigia kura; alimpigia mkandarasi, aliyeketi ubavuni pake. Hilo nililiona, na msomaji aamue mwenyewe kwa nini mzee alipendekezwa.

Mkandarasi alimshinda mkunga kwa mkono mmoja. Laiti wangelingana, kanuni ilitaka kura irudiwe kati ya hao wawili tu, na diwani wetu angekuwa huru, kwa kuwa mkwe wake asingekuwamo.

Nilitoka nikawaeleza wanawake nilichokiona, bila kuongeza. Diwani alipotokea langoni, yule jirani alimsimamisha.

"Mkono ulikuwa mzito, diwani?"

"Mama, yule ni mkwe wangu. Alikuwa akinitazama."

"Na sisi uliotuzoea hatuna macho."

"Mwache," shemeji akasema. "Angempinga yule mzee, leo mkewe angerudi kwao." Kisha akanigeukia. "Watakuja lini?"

Nilimjibu kwamba sijui. Wengine waliokuwa pale walitaja tarehe walizozisikia.

Tingatinga lilikuja asubuhi, samaki wakiwa tayari wameanikwa. Askari waliwaruhusu wanawake kutoa makarai, basi. Jirani aliyezoea kutania alisukuma karai lake kwa mguu, kwa sababu mafuta bado yalikuwa ya moto.

Wazee wa ukoo waliwagawa watoto kama walivyokuwa wamekusudia. Nilimchukua wa mwisho, nikaishi naye Nyalenda; kwa pensheni yangu nisingeweza kuwachukua wote, nami niliwaambia hivyo. Shemeji alipata kibarua ufukweni Dunga cha kuanika omena, dagaa wa ziwani, za watu wengine, akalala huko huko. Alikuja Jumapili alipoweza, mikono ikinuka samaki hata baada ya kuiosha. Mwanzoni mtoto alimkimbilia. Baadaye alikuwa akingoja niitikie hodi, ndipo anyanyuke, amwamkie mama yake kama mgeni, na kumpa kiti.