Mama Limi, mkusanya mate wa machimbo ya Katoro

Saa moja asubuhi, nje kidogo ya mji wa Katoro mkoani Geita, winchi inalia na kichwa cha mchimbaji kinachomoza kutoka kwenye duara, lile shimo refu la dhahabu. Kabla hajafuta vumbi usoni, Asteria Mageni amekwisha kumfikia, kichupa mkononi.

"Mwangaluka," anamsalimu kwa Kisukuma. Mchimbaji anaitikia, anatema mate kwenye kichupa na kucheka. Baada ya dakika ishirini atatema tena, ili mate ya mara mbili yalinganishwe.

Asteria (34), anayejulikana zaidi kama Mama Limi, alikuwa akiuza uji hapahapa machimboni. Tangu Machi anawakusanyia mate watafiti wanaochunguza jinsi hofu inavyougusa ubongo, kwa ujira wa Sh25,000 kwa siku. Mama yake mzazi, aliyeko Kahama, bado haamini kama kuna kazi ya namna hiyo.

Ukimuuliza mate na ubongo vinahusianaje, tafuta kwanza pa kukaa.

"Ukishtuka, mwili unamwaga homoni kwenye damu. Dakika chache tu imeshafika kwenye ubongo," anaeleza huku akiandika namba kwenye kichupa. "Kule seli zinapashana habari kwa kalsiamu, hiihii ya dagaa na mifupa. Homoni ikifika, inabadilisha jinsi kalsiamu inavyoingia. Ndiyo maana mtu na akili zake, akishtuka shimoni, anashika kamba isiyo yake."

Hadanganyi watu. Huwaambia wazi kwamba mate yanaonyesha homoni tu, na kalsiamu yenyewe huangaliwa maabara, kwenye seli za ubongo wa panya.

Mwanzoni kazi hiyo nusura imponyoke. Watafiti walimpa wiki mbili apate watu arobaini. Akishindwa, utafiti unahamia kwingine na yeye anarudi kwenye sufuria ya uji. Siku ya kwanza akasimama mbele ya wachimbaji, akatangaza kwamba amekuja kupima woga wao. Hakujitokeza hata mmoja. Mwanamume gani wa Katoro atapanga foleni ya woga mbele ya wenzake?

Kisha Mzee Bujiku, msimamizi wa duara, akapiga marufuku kabisa. Yeye alilelewa akijua kwamba mate ya mtu mzima ni ya kubariki, na anayeondoka nayo ameondoka na bahati.

"Mwanangu, ukibeba mate yetu, dhahabu itakufuata wewe," alimwambia.

Zilipobaki siku nne, Mama Limi akaomba ashushwe shimoni yeye mwenyewe. Mzee akakubali, pengine akidhani atakimbia. Akavaa kofia ngumu, akafungwa mkanda, akashuka mita thelathini akipiga kelele njia nzima. Alipopandishwa, akatema mate kwenye vichupa viwili mbele ya wote. Kimoja akakiweka kwenye boksi la maabara, kingine akampa mzee kwa mikono miwili.

"Baba, hiki baki nacho. Nikiondoka na bahati yenu, yangu unayo wewe."

Wachimbaji wakaangua kicheko. Mzee Bujiku akakitia mfukoni kichupa kile, akadai na cha kwake. Hadi jioni walikuwa kumi na tisa. Ijumaa wakafika arobaini na watatu. Hata mwandishi wa makala haya hakuondoka bila kutema.

Kiongozi wa utafiti, Dk. Cornel, anasema kazi sasa itaendelea kwa mwaka mzima. Mama Limi ameanza kudunduliza ada ya kozi ya maabara mjini Shinyanga, na mwezi ujao atapelekwa kuona seli zilizotiwa rangi maalumu, ambazo huwaka kila kalsiamu inapoingia. Akilizungumzia hilo, furaha inamjaa usoni hata anasahau kufunga boksi.

"Nataka niione kwa macho yangu," anasema. "Halafu nirudi hapa duarani niwaambie hawa wanaume: woga wenu nimeuona, na unang'aa."