Kasoro ya Spika ya Kushoto

"Hodi" ilinifikia kabla sijamwona mtu, kavu na nzito kwa mafua. Alikuwa Mama Neema, ameshuka na Neema kutoka kwao Mkuu kumkagua mchumba wa binti yake kabla familia haijatoa jibu. Mchumba ndiye mimi, niliyeacha kununua makochi nikaijaza sebule yangu ya Kiboriloni spika nilizoziunda mwenyewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Sasa tunakaa wapi, juu ya redio?"

Nilimpa kiti pekee kilichokuwepo, Neema akasimama karibu naye. Nikawasha wimbo wa kwaya ya parokia yao, niliourekodi kwenye misa ya Pasaka.

"Fumbeni macho," niliagiza kama padri. "Mtajiona mpo kanisani."

Nikafumba yangu kwanza. Sauti zikapanda polepole kama ukungu migombani, nami nikakaribia kulia kwa fahari. Ghafla, upande wa kushoto, kitu kikaanza kukwaruza, kikiwafuata waimbaji kwa kuchelewa kidogo.

"Msijali," nilisema, macho bado nimeyafumba. "Hiyo ni spika mbovu, karatasi yake imechanika. Kesho naing'oa naitupa."

Mkwaruzo ukakoma papo hapo. Kwaya ikaendelea, safi kabisa.

Nilipofumbua macho nilimwona Mama Neema kushoto kwangu, leso kifuani, mdomo bado wazi. Alikuwa amejisahau, akaimba na wanakwaya wenzake.

"Mama, nisamehe, nilidhani..."

"Ya nini kungoja kesho, baba?" alisema, akijitanda kanga. "Naiondoa mwenyewe."

Neema aliziba mdomo kwa kiganja, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Mama yake akatoka, na mlango ukafungwa nyuma yake.