Yule wa Ndevu

Harufu ya kambale anayekaukia moshini hainitoki puani mpaka leo. Mama alimkunja, mkia mdomoni, akamlaza juu ya uchanja mpaka akawa mweusi tii. Siku moja, enzi za Mwingereza, Padri mmoja Mholanzi alifika kwetu Goweko kwa baiskeli, akiifuata njia ya zamani ya misafara. Alipenda majina kuliko chakula, mtu yule. Akamwinua kambale, akatuambia kwao anaitwa mervali. Wafaransa husema siluri, jina walilorithi kwa Wagiriki wa kale. Wajerumani husema velsi, na jina hilo ni ndugu wa jina la nyangumi, mnyama wa baharini mkubwa kuliko nyumba. Waingereza wao, kwa ajili ya zile sharubu, humwita samaki paka.

"Haa! Kumbe Mwingereza anakula paka!" mama akasema, tukacheka mpaka machozi.

"Na ninyi, mama, kwa Kinyamwezi mnamwitaje?"

"Yule wa ndevu."

"Hiyo ni sifa yake. Jina je?"

Mama akainama kuchochea moto uliokuwa unawaka vizuri tu. Jirani yetu, Mama Nyamizi, ndiye aliyemwokoa. "Padri, unamtafutia mwenzio balaa? Hilo ni jina la baba mkwe wake, na mkwe hatajwi. Nami nilitaje mbele yake, nina wazimu?"

Babu huyo sikumkuta hai. Nyumbani aliitwa Babu tu. Jioni nikamuuliza mama jina lake. "Subiri baba yako arudi kutoka mashamba ya mkonge," akasema. "Yeye ni mwanawe, atakutajia."

Baba hakurudi. Kisha serikali ikatuhamisha kwa sababu ya mbung'o, watu wakatawanyika, Mama Nyamizi sikumwona tena. Mama naye akafa hajalitamka, mkwe mwema hadi mwisho.

Sasa nimezeeka, niko Ipuli. Kambale namkuta sokoni, nawauliza wauzaji kwao anaitwaje. Wa Isikizya ananipa jina hili, wa kijiji kingine lile, kila aina na jina lake. Nimeyashika yote, na yale ya Padri pia. Lipi lilikuwa la babu, hakuna aliyebaki wa kuniambia. Nikiwaombea marehemu wetu huwataja mmoja mmoja, simwachi mtu. Nikifika kwake nasema tu: na yule wa ndevu.