Spika za Kanisa na Ng'ombe wa Jirani

Mvua ya mawe kwetu Bomet haina haki. Hupita kwa mkanda mwembamba, ikachana shamba la huyu na kuliacha la yule limelowa tu, na kati yao pana ua wa michongoma ambao hata kuku hupenya. Jumamosi ile, mwanzoni mwa miaka ya tisini, ilipita kwa jirani yetu. Ilipokoma, chai yake ilikuwa vijiti vitupu. Harufu ya majani mabichi yaliyopondwa ilifika hadi jikoni kwetu, ile ile ya kiwandani. Chai yetu ilisimama inang'aa, haikupungukiwa jani.

Jirani huyo na baba walitahiriwa msimu mmoja, na kwetu Wakipsigis hilo si jambo dogo. Zaidi ya hayo, ng'ombe pekee wa maziwa aliyekuwa bomani mwetu alikuwa wake. Mwenye ng'ombe wengi humpa rafiki yake mmoja amtunze. Rafiki anakunywa maziwa, lakini ng'ombe na ndama wanabaki kuwa mali ya mwenyewe. Desturi hiyo tunaiita kimanagan. Siku yoyote mwenye mali akija na kamba, unamfungulia, wala huulizi kwa nini. Mdogo wangu wa mwisho alikuwa hajatimiza mwaka, na maziwa ya mama yalikuwa yamekauka kwa ugonjwa. Mtoto yule aliishi kwa ng'ombe yule. Hata mimi niliyekuwa nikinung'unika kila nikitumwa kumkatia nyasi, nilijua hivyo.

Mwaka huo huo kanisa letu lilipata spika. Zilikuwa mbili, za mdomo mpana, zikafungwa juu ya mkaratusi na kuendeshwa kwa betri ya gari. Mchungaji alisema asiyelifuata Neno, Neno litamfuata nyumbani. Baba alizipenda kuliko mtu yeyote. Alikuwa akinunua kanda za wahubiri mjini Kericho, wale wa kupiga kelele mpaka sauti inakwama, naye akajifunza kusema kama wao. Mimi nilimwonea aibu, na nilikuwa na hasira naye hata kabla hajakosea.

Jumapili, wakati wa ushuhuda, alisimama. Mama alimvuta koti kidogo, lakini hakusikia, au alijifanya hasikii. Akashika maikrofoni, akaipuliza. Akasema Bwana asifiwe mara tatu, kila mara akitaka amina kubwa zaidi. Kisha akaeleza jinsi mawe yalivyofika kwenye ua wake yakageuzwa, kwa kuwa yeye ni mtu wa maombi, na Mungu anajua walio wake. Wengine waliitikia amina. Wengine walitazama viatu vyao. Hakukoma hapo. Akashukuru kwamba Mungu amempa ng'ombe wa maziwa, na mtoto wake ananenepa ilhali shetani anatazama.

Jirani hakuwemo kanisani. Nilichungulia dirishani nikaona mdomo wa spika moja umeelekea kilima chake moja kwa moja. Mpaka leo, mtu akisimama mbele kushukuru kwamba yeye pekee alitoka mzima kwenye ajali, mimi hugeuka kutazama viti vya nyuma, nijue nani amekaa huko.

Tulipokuwa njiani kurudi, mama alisema, "Baba watoto, umemshukuru Mungu kwa ng'ombe wa mtu, na mwenyewe hukumtaja."

Baba akajibu kwamba vyote ni vya Mungu.

"Sawa," mama akasema. "Basi Mungu akija na kamba, utamwambia nini?"

Jioni hiyo hakuna aliyekuja, na hilo lilikuwa baya zaidi. Kila mbwa alipobweka, mama alimwinua mtoto kutoka mkekani bila sababu. Jumatatu asubuhi alimkamua ng'ombe mapema, polepole, mpaka tone la mwisho. Baba alichuma chai asubuhi yote akiwa ameelekeza uso njiani, na kikapu chake hakikujaa. Nilitaka kumwambia kwamba mdomo huponza kichwa. Lakini kichwa kilichoponzwa hapa kilikuwa cha mtoto.

Jirani alikuja mchana, kamba begani. Mama alimletea kigoda, hakukaa. Akamletea chai, hakupokea. Baba alianza salamu ndefu ya kikanisa, lakini mgeni akainua mkono, taratibu tu.

"Jumamosi, nilipoona shamba, niliambia mke wangu hii ng'ombe ibaki kwako," alisema. "Nilisema mawe imekula yetu, isikule na ya huyu mtoto. Jana nikiwa kwa shamba, nikasikia wewe unasema Mungu anajua walio wake. Sasa niambie. Mimi ni wa nani?"

Baba, mtu asiyewahi kukosa neno, alivua kofia. Aliigeuzageuza mikononi. Niliogopa angeanza kuhubiri.

"Kongoi," akasema mwishowe, kwa sauti ndogo. Hiyo ndiyo asante ya kwetu. Miaka yote tuliyokunywa maziwa yale, sikuwa nimemsikia akimwambia mtu yule.

Jirani aliipokea kwa kuinamisha kichwa, kisha akamfunga ng'ombe kamba kwenye pembe. Alisema watoto wake pia wanataka maziwa, maana chai haitatoa kitu karibuni. Mama hakumsihi. Alisimama mlangoni, mtoto mgongoni, machozi yanamtoka bila sauti. Ng'ombe na mwenyewe walipofika kwenye lango, yule mtu alisimama akauliza mtoto hunywa saa ngapi. Mama akajibu, asubuhi na jioni.

"Atapata," akasema. "Lakini maziwa haitaletwa hapa. Baba yake atakuja kuchukua mwenyewe."

Basi baba akawa anakwenda asubuhi na jioni na kibuyu chake, kupitia katikati ya chai iliyochanwa, kwa sababu hapakuwa na njia nyingine. Nilimfuata mara kadhaa. Hakuimba kama alivyozoea. Mlangoni alipokea maziwa, akasema kongoi, akarudi. Mwanzoni neno lilimtoka kwa taabu. Baadaye walianza kusimama wakiongea, na siku moja nilimkuta anamsaidia kukata vile vijiti ili chai ichipue vizuri.

Ilichipua. Jirani akamrudisha ng'ombe mwenyewe, akamfunga kwenye nguzo yetu, akanywa chai iliyokuwa ikimngoja tangu ile Jumatatu. Jioni mama alikamua, nyumba ikawa na maziwa. Baba akavaa kofia na kuelekea mlangoni. Mama akamuuliza anakwenda wapi, na maziwa haya hapa.

Akasema anakwenda kusema kongoi. Akaenda mikono mitupu.