Kidonge Cheupe na Mizani ya Bwera

Shule niliiacha darasa la pili, lakini ghala langu la Kasese nililijenga kwa kahawa, na hakuna mtu aliyenishika mkono. Kwa hiyo mtu akinionea huruma, kwanza namtazama mikono yake.

Miaka ile ya elfu mbili na kumi na kitu, kahawa ya milima ya Mahango ilikuwa ikishuka na viwavi wa manyoya ndani ya magunia. Nikigusa tu, mwili unapanda mabaka, shingo mpaka mgongo, unawasha kama moto. Siku moja kule Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, mnunuzi wangu, Mkongomani wa Butembo, akanipa kidonge cha njano.

"Kamata hii, muzee. Utapona mbio."

Mwasho ulipoa, ndiyo, lakini polepole. Usingizi ndio uliokwenda mbio. Nilipoamka, kahawa yangu yote ilikuwa imeshapimwa, na uzito umepungua. Akasema imekauka njiani. Njia gani? Kutoka Kasese mpaka Bwera hata chai kwenye chupa haipoi!

Safari iliyofuata mabaka yakanirudia palepale penye mizani. Akatoa tena kile cha njano, anatabasamu. Nikamwacha na mkono wake hewani, nikavuka barabara kwa mama wa duka la dawa. Nikamweleza habari ya kile cha njano, yeye akanipa cheupe.

"Hii haitakulalisha sana, muzee. Na inashika mbio kupita ile ya njano."

Wote wanasema mbio. Kwetu anayekukaribisha pombe huonja yeye kwanza.

"Meza wewe kwanza," nikamwambia.

"Mimi? Mimi sina mabaka!"

"Tumbo unalo."

Alicheka mpaka akashika kaunta, kisha akameza kimoja. Nikakaa kwenye benchi, najikuna, simwachii macho. Mara akapiga mwayo. Nikasimama niondoke.

"Muzee, hiyo ni njaa! Tangu asubuhi sijakula. Meza dawa yako!"

Nikameza, nikarudi kusimamia magunia yanayoshushwa. Hayajaisha kushushwa, mwasho ukaanza kuniachia. Mabaka yakalala, macho yangu hayakulala.

Mnunuzi akatundika gunia la kwanza kwenye ndoano ya mizani. Nikaona goti lake linasogea chini ya gunia, taratibu, kama mtu anayebembeleza mtoto.

"Bwana," nikasema, "toa goti. Kahawa yangu haijachoka."